Somo Aliyelainisha Ngozi za Mabibi Harusi

Mwaka ule wa uhuru, mabibi harusi wa mtaa wa Waswahili, Rumonge, walilainishwa ngozi na somo mmoja, mwanamke wa sauti ya chini. Kwanza aliiloweka mikono yao yenye vipele katika maji ya uvuguvugu. Kisha aliipaka asali iliyochanganywa na unga laini wa mchele, vidole vikizunguka polepole kana kwamba vinabembeleza mtoto. Mwisho mafuta ya mise, yaliyokamuliwa kijijini Kizuka kutoka kokwa za michikichi. “Ngozi haikwanguliwi kama sufuria, mwanangu,” alizoea kusema. Yeye mwenyewe alikuwa na vipele mikono mizima, na dawa zake zote hazikupata kuviondoa.

Siku ya kumwandaa Zuwena, shangazi yake alimtazama somo akikunja mikono ya gauni, akacheka. “Weye somo, mbona mikono yako iko kama mugongo wa kenge? Hii dawa iko ya wengine tu?” Wanawake wakaangua kicheko. Zuwena, kwa kuogopa kuambukizwa, akauvuta mkono wake. Somo alisogea mlangoni, ameinamisha uso kwa haya. Shangazi akaishika kazi, akasugua kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka.

“Shangazi, unaniumiza,” Zuwena alisema. Kisha, bila kuinua macho: “Somo, nisamehe. Rudi.”

Alirudi. Lakini kwanza aliiteremsha mikono ya gauni mpaka viganjani, akafanya kazi yote vivyo hivyo, kitambaa cha gauni kikinywa mafuta.