Dakika Tano za Kapteni

Nilikuwa kapteni wa timu yetu ya Bangwe, Kigoma, na beki hodari, nisifiche. Alinipita mtu mmoja tu: mkimbizi wa Burundi aliyetufunga mawili tulipoalikwa kucheza kambini kwao. Nilimpiga mitama mechi nzima. Filimbi ya mwisho ilipolia akaniletea maji kwenye galoni lililokatwa, akanimwagia nioshe goti langu lililochunika.

"Amahoro, kapteni," akanisalimu kwa Kirundi. "Una miguu mizito sana, ewe."

Nilicheka bila kutaka.

Tangu siku ile, kila alipopata kibali cha kutoka kambini alidandia lori la kuni lililokuja mjini, akashinda kwetu. Mama alimpakulia ugali na dagaa bila kuuliza maswali. Tulibishana mpira mpaka saa kumi, lori linapogeuza. Kibali kilikuwa cha siku moja. Ukichelewa kurudi hupewi kingine, na mimi nililijua hilo vizuri.

Fainali ya kombe la mbuzi ikatukuta mshambuliaji wetu kateguka mguu. Nikamwomba rafiki yangu atuchezee. Mechi ilipangwa saa saba, tukaona mpaka saa tisa itakuwa imekwisha. Tulimsahau mgeni rasmi. Huku kwetu mpira hauanzi mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi hafiki mpaka ashibe. Huyo alifika saa nane na nusu, akakagua timu, akahutubia juu ya nidhamu na kutunza muda. Kutunza muda!

Ilipokaribia saa kumi bado hatujafungana. Akanijia mbio.

"Kapteni, lori itaniacha. Nitoe."

"Dakika tano tu, ndugu yangu."

Zikapita. Akanijia tena, nami nikamjibu vilevile. Angeweza kuvua jezi akaondoka zake, lakini hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Alibaki, na kona ya mwisho akaipiga kichwa, ikaingia. Mbuzi akawa wetu. Tulipomaliza kumrusha rafiki yangu juu kwa furaha, lori lilikuwa limeshaondoka.

Akaanza kutembea na jezi yetu mwilini. Alipofika kwenye kizuizi cha polisi, karibu na Simbo, wakamdai kibali, na muda wake ulikuwa umepita. Kesho yake sisi tukachinja mbuzi. Nilikula, nisijitakase. Nilikula na supu nikanywa.

Hakupewa kibali tena. Nilikwenda kambini mara mbili, mlangoni wakanirudisha. Mara ya pili nilimtukana mlinzi matusi ambayo kwa haki yalikuwa yangu mwenyewe. Kisha wakimbizi wakarudishwa kwao kwa mabasi, naye akaenda, na mimi nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda. Wenzangu waliniambia, "Sahau, ule ulikuwa mpira tu." Hao ndio walionikera kuliko wote.

Miaka ikapita, tumeshaota mvi, siku moja simu ikaita. Alikuwa yeye, yuko Kigoma, ana hati yake ya kusafiria mfukoni, na basi la kurudi linaondoka saa kumi. Tukakaa Katonga, kwa wauza samaki, tukaagiza migebuka ya kuchoma. Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nayo tayari tangu ujana, lakini hayakutoka. Kazi yangu ikawa kutazama saa. Nilimhimiza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye anachambua miba taratibu na kunisimulia habari za mashamba yake. Saa tisa na nusu uvumilivu ukaniishia, nikasimama.

"Basi litakuacha, wewe! Inuka!"

Wauza samaki wakageuka. Yeye akalamba kidole, akanivuta shati.

"Kaa chini, kapteni," akasema. "Dakika tano tu."

Nikakaa. Machozi yakanitoka mbele ya wauza samaki wote.