Kahawa Aliyosingiziwa Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile iliyofuata Krismasi, mwishoni mwa miaka ya sabini, wageni saba walipokuja kwetu Iveti kuniangalia. Wao walisema wamekuja kula sikukuu, lakini mimi nilijua ninaangaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na kijana aitwaye Kariuki alikuwa amewatangazia watu wake kwamba amepata mke. Hao watu wake walikuwa wafanyabiashara wa Matuu, na nilikuwa nimeonywa kwamba wana macho makali.

Mama yangu aliitwa Kalondu. Alikuwa mjane, na alikuwa na miti ya kahawa mia mbili na kitu kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Sijui kama unajua, lakini sisi watu wa kahawa hatunywi kahawa. Tulichuma, tukapeleka kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai. Ungeweza kuzunguka kijiji kizima usipate kikombe kimoja cha kahawa, na wakati huo kila shamba limeiva kwa wekundu. Mama peke yake ndiye aliyeijua, kwa sababu alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa padri mmoja wa misheni, na padri huyo alikuwa mtu wa kahawa asubuhi, mchana na jioni. Mama alimpikia miaka minne.

Sasa mimi, kwa kujigamba kwangu, nilikuwa nimemwambia Kariuki kwamba nyumbani kwetu atakunywa kahawa ambayo hajapata kuinywa hotelini. Kariuki naye akawaambia watu wake. Nilipomletea mama habari hiyo alicheka hadi akakaa chini. Alifurahi, mwanangu. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona akifurahi hivyo, na ndiyo sababu inaniuma hata kuandika.

Siku tatu kabla ya Krismasi alianza kazi. Alitoa mbuni, zile kahawa zilizokauka na maganda yake, ambazo alikuwa amezianika mkekani na kuzificha uvunguni. Akazitwanga polepole kwenye kinu ili maganda yatoke bila kuvunja punje, akapepeta kwa ungo, akachagua moja moja akitupa zilizoliwa na wadudu. Kisha akakaanga kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, akikoroga bila kupumzika, hata nilipomwita hakugeuka. Punje zilipoanza kualika aliepua zikiwa kahawia iliyokoza, akaenda kuzimwaga kwenye ungo nje zipoe upesi. Aliniambia kwamba wengi huziacha mpaka ziwe nyeusi, halafu wanalaumu kahawa kuwa chungu. Hakuzitwanga ziwe unga siku hiyo. Alisema zinataka kulala.

Siku ya wageni alizitwanga, akachota maji ya mvua kwenye tangi, kwa kuwa ya kisima yana chumvi. Yalipochemka aliepua, akangoja kidogo, ndipo akatia unga wa kahawa, akakoroga mara moja tu, akafunika. Maziwa aliyatenga kwenye jagi lake. Wageni walikuwa wamefika mapema kuliko tulivyotarajia na yeye alikuwa bado na kanga yake ya jikoni, kwa hiyo alinikabidhi kila kitu akaenda kubadilisha nguo.

"Mwende, usiikoroge tena," aliniambia. "Nyunyizia maji baridi kidogo, ule unga utashuka chini wenyewe. Halafu uchuje na hiki kitambaa. Maziwa mtu ajiwekee."

"Sawa, mwaitu," nikamjibu. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Hayo ndiyo yote niliyotakiwa kufanya.

Lakini kutoka jikoni nilikuwa nasikia mazungumzo ya sebuleni. Shangazi yake Kariuki, mama mmoja mnene mcheshi aitwaye Tabitha, alikuwa akisimulia jinsi alivyokwenda kwa watu fulani kutembea wakampa strungi. "Chai nyeusi hivi, na ng'ombe wako hapo nje nawaona," alisema. "Nikajua hapa sitakikani." Wote wakacheka. Nami nikafunua sufuria nikaona kahawa ya mama imetulia, nyeusi tititi.

Nakuita mwanangu ingawa sikukuzaa; wewe umekulia mahali pengine, pengine huelewi nilichokiona. Kwetu kumpa mgeni kitu cheusi kikombeni ni kumwambia kwamba huna maziwa au humtaki. Nikafikiri, hata nikiweka jagi la maziwa mezani, wataona kwanza ule weusi. Nikashikwa na hofu. Mama alikuwa ameniambia waziwazi nisiguse, na alikuwa hatua kumi tu kutoka pale nilipo. Ningeweza kwenda kumuuliza mlangoni. Badala yake nilimwaga jagi zima la maziwa ndani ya sufuria, nikatia sukari vikombe viwili, nikaparuza tangawizi mbichi kama tunavyofanya kwenye chai ya wageni, nikarudisha sufuria motoni na kuchochea kuni.

Ilichemka ikapanda. Ule unga uliokuwa umeshuka chini ukapanda nao. Tangawizi ikayakata maziwa, yakawa mabonge madogo yanayoelea. Nilichuja kwa haraka na kitambaa kikaniponyoka upande mmoja. Niliona kabisa kwamba imeharibika, nisikudanganye, lakini nikamimina vikombeni nikabeba sinia nikaingia sebuleni nikitabasamu.

Tabitha alikuwa wa kwanza kunywa. Alikohoa, akatoa kitambaa cha mkononi akajifuta mdomo, na meno yake ya mbele yalikuwa na weusi wa kahawa. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Mwende, hii ni nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ni kama mtu aliyekuta kitu kigeni kwake.

Watu saba wakanitazama, na Kariuki miongoni mwao. Mwanangu, nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mimi ndiye niliyeiharibu. Wangecheka, wangenitania siku mbili tatu, yangeisha. Nilichosema ni hiki:

"Ni mama amepika. Si mnajua wazee wetu, kahawa wanalima tu. Kupika hawajui."

Wakacheka. Kicheko kikubwa, cha watu waliopata nafuu, kwa sababu sasa msichana wao hana kosa. Nami nikacheka nao.

Sasa kuna jambo lazima nikueleze. Kwetu kuna haya inayoitwa nthoni, kati ya mama na mwanamume anayemwoa binti yake. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, na mama hapazi sauti mahali mkwe alipo. Watu wengi wa kanisani walikuwa wameshaanza kuilegeza, lakini mama yangu aliishika. Ndiyo maana alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, akiwa na sahani ya mandazi, akinisubiri nije niipokee. Alikuwa amesikia kila neno. Na hata kama angetaka kujitetea, Kariuki alikuwa amekaa pale pale. Nilimsingizia mtu ambaye mila yake mwenyewe ilikuwa imemfunga mdomo, na nilijua hivyo nilipokuwa nikisema.

Sahani ikatokeza kando ya pazia, na mkono wake. Niliipokea. Kisha, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya kabla ya hapo wala baadaye, alizungumza mkwe akisikia.

"Wageni mnisamehe," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Nitawapikia chai."

Harufu ya tangawizi ilikuwa imeshamwambia yote. Alijua ni nani aliyefanya nini, na akalibeba kosa langu.

Wageni waliondoka alasiri, wamekula wameshiba, wakinisifu. Nilimkuta mama nje akisugua sufuria kwa jivu, anatoa yale mabonge yaliyoganda. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakunigombeza. Ningependa kama angenigombeza.

"Si kitu," akasema. "Umepata watu wazuri." Akaendelea kusugua. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Padri alikuwa akisema kahawa yangu hakuna mtu anaiweza."

Nikachota maji nikammiminia sufuriani.

"Mwende, niko na neno moja tu," akasema. "Siku ukipata nafasi, waambie hao watu. Si lazima leo."

"Nitawaambia, mwaitu," nikasema. Na niliposema nilikuwa nimekusudia kweli.

Nikaolewa. Nikahamia Matuu. Krismasi ya kwanza kwa wakwe zangu nilijiambia ndiyo siku yenyewe, lakini kabla sijafungua mdomo Tabitha alikuwa ameshaanza kuisimulia ile habari kwa wageni wengine, akiigiza alivyokohoa, akionyesha meno. Watu walishikilia mbavu. Nikaona ni vibaya kumkatiza. Mwaka uliofuata akaisimulia tena. Ikawa desturi ya nyumba. Mtu akipika chochote kikaharibika, hata ugali ukiungua, wanasema ni kama kahawa ya mama yake Mwende. Hawakuwa na chuki naye hata kidogo. Walimpenda, walimpelekea sukari na mablanketi. Na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kusema, kwa sababu sasa nisingekuwa nakiri kosa la siku moja. Ningekuwa nakiri kwamba nimecheka miaka yote hiyo.

Mama hakukaanga kahawa tena. Nilipokwenda kumtembelea nilimwomba mara mbili tatu anipikie, akasema hiyo ni ya kiwanda. Hakuniuliza kama nimewaambia. Kila nilipofika aliniangalia kidogo usoni, kisha akaniuliza habari za watoto.

Alifariki baada ya miaka minane, aliugua wiki mbili tu. Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Walipoitwa wakwe kusema neno, alisimama Tabitha. Alilia kwanza. Akasema mama alikuwa mpole, mkarimu, mtu wa sala. Halafu akajifuta machozi akasema, "Lakini mama huyu, jamani, alilima kahawa maisha yake yote na kuipika hakujua." Akasimulia yote, pamoja na meno. Na watu wakacheka, mwanangu. Majirani zake, wanawake wa kanisa lake, wachumaji waliochuma naye, walicheka mbele ya jeneza lake, kile kicheko cha upendo ambacho huwapumzisha watu katika msiba. Hakuna hata mmoja aliyejua ukweli, kwa sababu aliyekuwa ameionja kahawa yake alikuwa ni padri yule tu, naye alikuwa amesharudi kwao zamani.

Baada ya Tabitha mwendesha ratiba aliniita mimi. Nilikuwa na karatasi mkononi. Watu walikuwa wametulia wananisikiliza, wale wale saba wote walikuwa hai na wote walikuwepo. Nafasi aliyoniomba mama niitafute ilikuwa imekuja yenyewe ikasimama mbele yangu. Nikafungua karatasi nikasoma nilichokuwa nimeandika: tunawashukuru kwa kufika, tunawashukuru kwa michango, Mungu awabariki. Nikakaa.

Siku hiyo nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa heshima ya Tabitha, nisije nikamwaibisha mbele ya watu. Si kweli. Sikutaka kuaibika mimi. Nilimzika mama yangu pamoja na kosa langu.

Tabitha naye alifariki kabla sijapata ujasiri. Nilipomwambia Kariuki, tulikuwa wazee tayari. Akaniuliza, "Na sisi tungekufanya nini, Mwende?" Hawangenifanya kitu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, maana nasaha yangu ni hii moja na sina nyingine. Utaharibu vitu maishani, utaharibu mbele ya wageni, utaharibu siku ambayo ulitaka sana uonekane mzuri. Hilo lisikutishe. Lakini usimpe mtu mwingine kosa lako alibebe, na hasa usimpe yule anayekupenda, kwa sababu yeye atalibeba kweli. Na ikiwa umeshateleza ukamtwika, usiende kumwomba msamaha pembeni, jikoni, mkiwa wawili tu, kama nilivyofanya mimi. Msamaha wa pembeni ulinifaa mimi, yeye haukumrudishia chochote. Rudi ulipomvunjia heshima, mbele ya wale wale waliosikia, useme pale pale, siku ile ile, wakiwa bado wamekaa. Ukingoja nafasi nzuri zaidi, watu watazoea uongo wako, wataupenda, watausimulia kwenye msiba.

Mimi nimechelewa, wa kuambiwa wamekwisha, basi nakuambia wewe. Kalondu wa Iveti alijua kupika kahawa. Mimi bintiye ndiye niliyeiharibu.

Mungu akupe nyumba yenye wageni wengi na mkono mwepesi wa kuwahudumia. Akupe wazazi watakaozeeka wakiwa na jina lao safi. Na siku utakapokosea, akufungue mdomo mapema, mama yako akiwa bado anaweza kukusikia.