Pancha ya Dagoretti Corner

Kwa nini mtu aliyewasumbua wauguzi tangu alfajiri ili arudishwe nyumbani akubali kuketi kando ya barabara akingoja tairi, na wala asinung'unike?

Nilikuwa nimemchukua Baba hospitalini, Upper Hill, kwa gari lake mwenyewe. Mama alibaki nyumbani Mutuini akipika. Tulipokaribia Dagoretti Corner gari likaanza kuyumba upande wa nyuma, nikaegesha penye fundi wa pancha.

"Tutie spea, Baba?"

"Spea haina upepo. Mwambie aangalie hilo."

Fundi alimpa Baba kiti cha plastiki, kisha akapaka tairi maji ya sabuni. Mapovu yakachipuka karibu na ukingo, pale tairi linapokaribia kugeuka ubavu.

"Hii ni ya kuziba na kamba tu, madam. Saa hii unaenda."

"Na kama waya za ndani zimekatika?"

"Hazijakatika."

"Umeziona?"

Akamgeukia Baba. "Mzee, huyu ulimzaa ama ulitumiwa na korti?"

"Huyo hata uji alikuwa anauliza nani ameupika," Baba akasema. "Lakini ana haki. Litoe kwenye rimu tuone ndani."

Nikamwambia nitamwitia teksi, atangulie akalale.

"Nikuachie gari langu? Hapana."

Tairi lilipotoka aliomba awekewe magotini. Utepe wa hospitali ulikuwa bado mkononi mwake, na mkono wenyewe ulikuwa umekonda hata nikaona haya kuutazama. Akaupitisha ndani ya tairi polepole.

"Ukikuta unga mweusi, limetembea bila upepo, limejisaga. Tupa. Ukigusa waya, tupa. Tundu likiwa ubavuni, hata liwe la sindano, tupa, kwa sababu ubavu hujikunja kila linapozunguka. Haya, gusa wewe."

Niligusa. Palikuwa laini, na tundu lilikuwa bado upande wa kukanyagia, ingawa kwa upana wa kidole tu.

"Nadhani linafaa."

"Umeona, ama unadhani?"

Fundi akacheka hadi akaangusha brashi ya gundi. Nikaingiza tena mkono, na safari hii nikachukua muda, nikifuata njia ya vidole vyake. Nikasema linafaa. Basi likabandikwa kiraka kwa ndani, likajazwa upepo, likatoswa kwenye karai la maji. Hakuna povu lililotoka.

"Lirudishe majini," Baba akasema.

Likarudishwa.

"Na upande ule."

"Mzee, unataka libatizwe mara ngapi?"

Alinunua hindi la kuchoma, akala nusu licha ya daktari, akanipa nusu iliyobaki niifiche. Aliwasalimu wapita njia kwa lugha ya kwetu, akiwabahatisha kwa sura, na mmoja akasimama wakabishana kuhusu mvua za magharibi kama majirani. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Nilihofia jua, vumbi, chakula cha Mama kupoa. Fundi alipofunga nati ya mwisho, Baba aliendelea kuketi kidogo, akitazama barabara.

Kiraka kilitufikisha Mutuini na kikadumu. Baba hakutoka tena nje ya lango akiwa hai.

Sasa nikipita pale huwa napunguza mwendo bila sababu. Yule fundi amehama, siku hizi pale wanauza viatu. Mara nyingine nasikia tairi likilia juu ya kokoto, natamani iwe pancha, nipate kisingizio cha kusimama na kuambiwa nipime tena.

Tulipouza gari nilimwonya mnunuzi kwamba spea ni mbovu. Mama akanikatiza. Spea haikuwahi kuwa mbovu. Siku moja kabla Baba hajaruhusiwa, Mama mwenyewe aliipeleka ikajazwa upepo, na Baba alikuwa amempigia simu kutoka wodini kuhakikisha imejaa.