Jina Nililoipa Kompyuta ya Ofisi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa chama cha maziwa karibu na Chepilat, na nilikuwa mjamzito. Mimba yenyewe ilikuwa na mwenyewe tayari. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba mkwe, mzee wa maneno machache, alikuwa anamngoja. Sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka wakaita majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi. Jina hilo tunaliita kurenet. Mzee hakuwa na shaka kwamba mke wake anarudi kwa mtoto wangu. Alikuwa amemtengea hata ng'ombe wa kumkamulia.

Sasa, ofisini tulikuwa tumepewa kompyuta kuukuu na wafadhili. Ndani haikuwa na diski. Ilikuwa inawaka kwa CD ya programu iitwayo Linux, na ukiizima inasahau kila kitu. Kwa hivyo mipangilio yako, saa, printa na kadhalika, unaihifadhi kwenye disketi, kesho yake inaisoma kutoka huko. Ndivyo kitabu kilivyosema. Lakini yangu ilikataa katakata. Jioni nahifadhi, asubuhi naiwasha, imekuwa mgeni tena: saa si yenyewe, printa haiijui. Nikabadilisha disketi. Nikaangalia kile kidude cha kuifunga isiandikwe, kiko wazi. Nikaifungua, faili iko pale. Mbona basi haisomi?

Nikaanza kushuku watu. Nilimshuku bawabu. Nilimshuku mama wa chai, eti anachezea vitu vyangu akipanguza meza. Nikawa naenda nyumbani na disketi ndani ya sidiria, ona aibu hiyo. Na meneja naye akaniambia bila haya, "Mama, Ijumaa hiyo kitu isipokumbuka, tunarudia taipureta. Na mtu wa taipureta tuko naye."

Ijumaa ikafika. Mchana ikanyesha mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai yakabaki vitambaa. Wenzangu walikuwa wamekwama kwenye kibanda cha kupokea maziwa, nikabaki peke yangu. Mwanamume mmoja akaingia, wa makamo, koti la kahawia. Alinisalimia kwa Kipsigis cha zamani, cha wazee wetu. Akasimama nyuma yangu akatazama skrini.

"Haina jina," akasema.

Ni kweli, mashine ya Linux hupewa jina lake, na mimi nilikuwa nimeacha lile ililokuja nalo. Nikamwuliza, "Wewe ni fundi wa wapi?"

"Napita tu. Kitu kisicho na jina kitakumbuka nini? Iite kama mnavyoita mtoto."

Niamini, mimi niliyemshuku hata mama wa chai, huyu sikumshuku. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Niliandika "ofisi", nikahifadhi, nikaizima na kuiwasha. Imesahau. Nikaandika "maziwa". Imesahau. Kila mara yeye anasema, "Bado." Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, meneja yuko njiani. Vidole vyangu vikaandika jina la mama mkwe, kwa sababu nyumbani wiki hizo ndilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Nikalisoma kwa sauti nikiliandika. Nikahifadhi, nikaizima, nikaiwasha.

Pale pa kuingizia disketi pakatoa sauti, ndogo, kama chafya ya mtoto. Skrini ikafunguka na kila kitu mahali pake, saa, printa, na lile jina juu kabisa.

"Amefika," yule mtu akasema. Kugeuka, hayuko. Bawabu aliapa kwamba hakumfungulia mtu yeyote geti. Na nilipotazama mezani, disketi ilikuwa hapo kando ya mkono wangu. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeitoa na sikuirudisha. Sasa niambie wewe, ilisoma kutoka wapi?

Nilijaribu kulibadilisha jina. Naandika "ofisi", naizima, inarudi na jina la mama mkwe. Meneja akanisifu. Mimi nikaenda nyumbani na hofu yangu.

Mtoto akazaliwa, msichana. Wanawake wakaanza na jina la mama mkwe. Kimya. Wakamgusisha ugoro puani, wakaita tena. Kimya. Nje ya mlango mzee amekaa, anangoja chafya tu. Wakaita tena na tena. Mwishowe wakaita jina la shangazi ya mzee, aliyekufa zamani, mtoto akapiga chafya papo hapo, wanawake wakafurahi. Nikamsikia mzee akiinuka, akachukua ndoo akaenda kukamua. Moyo uliniuma, wee, sitaki hata kukumbuka.

Niliporudi kazini, siku moja mzee alileta maziwa akaingia ofisini kunisalimia. Kusoma alijua kidogo, lakini jina lile alilijua kuliko mtu yeyote. Aliliona kwenye skrini. Akavua kofia.

"Chamgei," akasema, vile tunavyosalimiana. Hakuwa anaongea na mimi.

Papo hapo stima ikapotea, skrini ikawa nyeusi. Na ile mashine iliyozimika ikatoa ile chafya. Mzee akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaanza kumwambia habari za ng'ombe, yupi amezaa, yupi amekauka. Nikatoka nje nikalia.

Alikuja hivyo kila alipoleta maziwa, mpaka akafa. Hakuwahi kuniuliza lolote. Chama kiliponunua kompyuta mpya niliiomba ile ya zamani, nikaifunika kitambaa chumbani, na nyaya zake nikazikata. Mtu anayenijia akiniambia yeye ni fundi, namwuliza alipitia geti gani.

Wewe ukiulizwa jina la mashine, andika jina la barabara, au la mbwa wako. Usiandike jina la marehemu ambaye bado kuna mtu anamngoja.