Shaba Iliyong'aa

Mume wangu kiwandani wanamwita Mganga, maana anaelekeza kamera kwenye mashine na kukwambia inaumwa wapi kabla haijaharibika. Kamera ile haioni sura, inaona joto. Beringi iliyokauka au waya uliolegea hujitokeza mweupe kwenye skrini. Kazi hiyo ndiyo imetulisha miaka yote, na kwa sababu yake sasa hali, halali, na mimi nimechoka kumbembeleza kama mtoto.

Juzi juzi tumemzika mdogo wake. Shemeji yangu huyo, tuliyemwita Mcheshi, alikuwa fundi umeme wa kiwanda hichohicho, na kabati kubwa la umeme lilikuwa mikononi mwake. Aliposikia kaka yake anakuja kulikagua, alingoja siku umeme umezimwa, akasugua vyuma vya shaba vya ndani mpaka vikang'aa. Alitaka kaka yake ajivunie, basi.

Kumbe shaba iking'aa hivyo huidanganya kamera. Iliyofifia huonyesha joto lake, lakini iliyong'aa hurudisha tu ubaridi wa chumba. Dawa yake ni kubandika kipande cha tepu nyeusi ili kamera isome hapo, na kubandika kunataka umeme uzimwe tena. Meneja akagoma, oda za watu zinasubiri. Hapo mume wangu angesema tu kwamba kabati halijapimika, akaenda zake. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama pale, meno yote nje.

"Kaka, umeonaje?"

"Safi sana, bwana mdogo. Halina kasoro."

Ndani kulikuwa na nati imelegea, inaungua taratibu. Siku chache baadaye kabati likamlipukia Mcheshi usoni.

Tangu msibani mama mkwe anauliza swali moja: kama mwanawe mkubwa ndiye aliyekagua, ilikuwaje? Nikamwambia mume wangu afunge mdomo. Mama ana presha, na ukweli huo utamfufua nani? Lakini wapi! Ana kichwa kigumu mtu huyu.

Leo asubuhi tulimkuta mama uani anasugua sufuria. Sufuria za mama mkwe zinajulikana mtaa mzima, unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Mume wangu akakaa chini kabisa, akamweleza yote, shaba, tepu, na zile sifa alizompa mdogo wake.

"Ni mimi, mama. Niliona haya kumvunja moyo."

Nilingoja kilio. Mama aliacha tu kusugua.

"Iling'aa sana?"

"Sana, mama."

"Alikuja kuniuliza shaba inasuguliwa na nini," akasema. "Nikamfungia majivu kwenye mfuko, na ndimu. Nikamwambia asiniaibishe mbele ya kaka yake."

Mume wangu akamshika mkono uliojaa majivu, wakalia wote wawili. Nami nikaichukua ile sufuria, nikaiingiza ndani vilevile ilivyo, chafu.