Mlima wa Matundu

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya taa, namwona mama akitoboa karatasi kwa sindano, tundu kwa tundu, akifuata mchoro wa nembo ya shule yetu: mlima na kitabu. Baadaye huilaza karatasi juu ya shati jeupe la mwanafunzi, akapitisha juu yake pamba yenye masizi na mafuta ya taa, alama zibaki kwenye shati, ndipo adarizi.

Siku moja, mama akiwa bado anatoboa, mwalimu mkuu alipiga hodi.

"Mama, siku hizi soko huria. Mashati yanatoka Dar, nembo zimeshachapwa."

"Haya, mwalimu. Karibu chai."

Alipoondoka, mama alitoboa mpaka tundu la mwisho, akaiinua karatasi dirishani. Jua likapenya, mlima ukaangukia kifuani pangu.

"Usitikisike," aliniambia.

Sikutikisika. Jua ndilo lililosogea.