Routeur mu Malle ya Mama

Siku ya présentation yangu, muchumba alikauka ku écran, lakini kuku nyuma yake iliendelea kutembea.

Musicheke kwanza. Muache nieleze.

Mimi ni Gentille, wa Masisi-centre. Muchumba yangu alikuwa Constantin, anauzisha bipande bya pikipiki kule Mubi. Barabara ilikuwa imekatika, njo familia zikapatana ajitambulishe kwa vidéo.

Kwetu, baba mukubwa njo anaulizaka kijana: "Umefata nini hapa?" Kijana anajibu na kinywa yake mwenyewe. Mbele ajibu, hakuna muntu anagusa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akinyamaza, amekataa. Bantu banarudi kwao na kiu, na wewe binti unabakia na haya yako.

Sasa connexion ya kwetu. Eh, Mungu wangu!

Papa alinunua antenne ya internet, akaiweka juu ya nyumba. Waya inaingia mu chumba ya wazazi, na routeur inabakia mule. Mimi mutoto mukubwa siwezi kuingia mu chumba ya wazazi. Iko heshima. Kwa hiyo nilikuwa natengeneza machine yenye sijaiona ata siku moja.

"Mama, uizime!"

"Imezimika!"

"Uiwashe!"

"Imewaka! Iko inakopesa macho!"

Bure tu. Nikimuuliza Constantin kama amekula, sauti inapita bila shida. Nikimuuliza anakuja lini kuona wazazi, paf, anakauka. Mahari je? Anakauka. Nikasema hii routeur iko na roho mubaya.

Nilibadilisha mot de passe, nikizania majirani banatuiba. Fundi mumoja wa Goma akasema ku téléphone eti miti njo inazuia. Papa akakata avoka yetu. Avoka yenye ilikuwa inazaa! Réseau ikabakia vile vile, barre moja, na ile barre nayo ilikuwa na mashaka.

Siku ya présentation, salon ilijaa. Shangazi Brigitte, dada ya Papa, akachoka kunisikia nikilalamika ku mulango.

"Lakini nani amekwisha kuiona kwa macho, hii machine?"

Yeye haogopake chumba ya kaka yake. Akaingia. Tukasikia funguo inazunguka mu kufuli, halafu kicheko, akaita Mama:

"Emérence! Umeifungia mu malle?"

Ile malle ni sanduku ya Mama, ya chuma. Mama alikuwa ameitoboa na musumari, akapitisha waya, akalaza routeur katikati ya bitenge byake bya sikukuu, akafunga na kufuli.

"Siku tulikimbia vita, tuliacha télé," Mama akasema, yeye bila kucheka. "Hii siiache. Masasi ikilia, ninabeba malle, ninaenda."

Shangazi akaacha kucheka. Kila mama mule mu salon alikuwa na malle yake kwao, imefungwa tayari.

Shangazi akatoa routeur, akaiweka juu ya kabati ya salon. Barre zote zikajaa! Nilisikia furaha ya kulia. Nikamuona Constantin wangu ku écran mupaka bipele bya ku kidevu.

Baba mukubwa Esdras akakohoa. "Kijana, umefata nini hapa kwetu?"

Constantin akatabasamu. Halafu akakauka, kinywa wazi.

"Gentille, imekatika tena?" Mama akauliza.

"Barre ziko zote, Mama."

Njo kuku nyekundu ikaingia nyuma yake. Ikatembea polepole, ikaruka ku meza, ikaanza kudonoa mukate yake. Constantin iko amekauka tu. Macho peke yake njo ilifuata mukate.

Baba mukubwa akasogea karibu na écran. "Réseau ya Mubi inapitisha kuku, inakatalia bantu?"

Kuku ikamudonoa kidole.

"Ayayaye!" Akaruka. Halafu akakumbuka, akakauka tena, mukono juu.

Hakuna mwenye alicheka. Mimi nilitamani udongo inimeze. Wakati wote ule nililaumu routeur, majirani, na avoka ya Papa.

"Constantin," nikasema, "ninakuona."

Akakata.

Baba mukubwa akavuta bidon ya kasiksi, akaanza kumimina.

"Yaya, kijana hajajibu!" Papa akamuambia ule kaka yake mukubwa.

"Amejibu. Leta bikombe."

Nilikunywa nikilia. Ilikuwa tamu, siwezi danganya.

Leo connexion ya kwetu iko nguvu sana, ata majirani banakuja kukaa chini ya dirisha. Magaribi Mama anarudisha routeur mu malle yake, na mimi simukatalie.

Wewe dada mwenye unazunguka nyumba, téléphone juu ya kichwa, ukitafuta réseau ya muntu: mbele baba yako akate avoka, muulize ule kijana swali yenye kuuma. Halafu uangalie nyuma yake.